Kiti cha Bodi ya Shule si Zawadi ya Mkubwa

Kila mwaka wazazi wa Garissa, Wajir na Mandera huitwa kwenye mikutano ya shule. Wengi hawafiki, kwa kuwa mifugo haina likizo na njia ni ndefu. Wanaofika mara nyingi huketi kivulini, husomewa orodha ya majina iliyokwisha kuandikwa, hupiga makofi, kisha hurudi makwao wakiambiwa kwamba wamechagua. Sisi tunasema waziwazi kwamba kusomewa majina si kuchagua. Tunasema pia kwamba mzazi wa Kaskazini Mashariki ambaye hajawahi kuwaza kugombea kiti katika bodi ya shule ya mtoto wake anapaswa kuanza kuwaza leo.

Wako watakaotushangaa. Watasema kwamba wapigania mageuzi wana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia: Ikulu, Bunge, Tume ya Uchaguzi. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba wakumbuke mageuzi yalidaiwa kwa ajili gani. Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee, kilifutwa Desemba 1991. Waliokipinga walikuwa wakimtaka mwananchi awe na sauti juu ya mambo yanayomgusa kila siku. Na hakuna jambo la umma linalomgusa mzazi kila siku, asubuhi na jioni, kuliko shule anakosoma mwanawe.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada. Mwaka huo huo wa 1991 ndipo ilipoondolewa hali ya hatari iliyowekwa juu ya eneo letu tangu Desemba 1963. Wakati Wakenya wengine walikuwa wakidai chama cha pili, watu wetu walikuwa wangali wakidai kuhesabiwa raia. Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1989, Wakenya wenye asili ya Kisomali walikuwa wamepangwa foleni, wakahojiwa na kupewa kadi za pekee za kuthibitisha uraia wao. Sheria za kikoloni zilizozifanya wilaya zetu kuwa maeneo yaliyofungwa ziliendelea kuwa vitabuni hadi makubaliano ya vyama vya Bunge ya mwaka 1997.

Katika historia hiyo shule zetu hazikusalimika. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa, na wakazi wakaswagwa hadi uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa, wakawekwa huko chini ya ulinzi bila chakula wala maji. Uwanja ambao watoto hucheza mpira ukafanywa zizi la baba zao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika hayo katika ripoti yake ya mwaka 2013, pamoja na mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984. Hatuyataji ili kuchochea chuki. Tunayataja ili msomaji aelewe kwa nini mzee wa bulla, akiitwa shuleni na serikali, bado huketi nyuma na kunyamaza. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi sheria ya leo yasemaje? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliichukua nafasi ya ile ya mwaka 1968, ambayo chini yake magavana wa shule za sekondari walitegemea mkono wa Waziri. Sheria mpya, katika kifungu cha 56, imetaja wajumbe wa Bodi ya Usimamizi mmoja mmoja. Sita ni watu waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi wa wanafunzi, au kuiwakilisha jamii ya mahali hapo iwapo ni shule ya sekondari ya kaunti. Mmoja hupendekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Mmoja huchaguliwa na walimu. Watatu huwakilisha wafadhili wa shule. Mmoja huwakilisha makundi maalumu katika jamii, na mmoja watu wenye mahitaji maalumu. Baraza la wanafunzi nalo huwa na mwakilishi wake. Mwalimu mkuu ni katibu.

Msomaji na ahesabu. Wajumbe wanaopiga kura ni kumi na watatu, na sita kati yao ni wa wazazi. Hakuna kundi jingine lenye hata nusu ya idadi hiyo kwa uhakika zaidi ya wafadhili. Sita walioshikamana, wakipata mmoja wa kuwaunga mkono, ndio wengi katika bodi. Ndiyo maana viti hivyo sita hunyemelewa na kila mwenye tamaa.

Tunajua hoja moja ambayo maofisa huitumia kuwanyamazisha wazazi. Kifungu hicho chasema kwamba wajumbe huteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kwa hiyo, wanadai, ofisi ina hiari ya kumkubali imtakaye na kumkataa imtakaye. Sisi, kwa kuisoma sheria yenyewe, hatukubali. Bunge lilitumia neno "waliochaguliwa" kwa wale sita na neno lingine kwa yule mmoja anayependekezwa na kaunti. Kama lingetaka wote wawe wa kupendekezwa, lingesema hivyo. Kwa maoni yetu kazi ya Bodi ya Elimu ya Kaunti juu ya hao sita ni kuwathibitisha walioletwa na wazazi, isipokuwa pawe na sababu ya kisheria ya kumkataa mtu. Na sababu ikiwapo, Ibara ya 47 ya Katiba inampa anayedhurika haki ya kuelezwa kwa maandishi. Atakayeachwa nje baada ya kuchaguliwa asiende nyumbani kulalamika. Aandike barua, adai sababu, na aiweke nakala.

Na bodi ina kazi gani ya kufanya mtu asumbuke hivyo? Sheria imeipa jukumu la kuhakikisha shule ina majengo na vifaa vya kutosha, kusimamia rasilimali zake, kupokea fedha na kuzitolea hesabu, kuamua kesi za nidhamu za wanafunzi, kuajiri wafanyakazi wasio walimu, kulinda usalama wa wanafunzi, na kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti juu ya mahitaji ya walimu. Tuyatazame mawili tu kati ya hayo, fedha na walimu, tuone yanavyotuhusu.

Kuhusu fedha, tumewahi kufundishwa somo kali. Mwaka 1971 serikali ilifuta karo ya shule za msingi katika wilaya zenye mazingira magumu, zetu zikiwamo, na Desemba 1973 nafuu hiyo ikapanuliwa kwa madarasa ya chini nchini kote. Lakini katika shule nyingi za Kenya michango ya ujenzi iliingia kupitia mlango wa nyuma, na watoto waliokuwa wameingia bure wakatolewa kwa kukosa mchango. Ahadi ilitolewa Nairobi, ikavunjwa kijijini, pale kamati za shule zilipokaa. Leo Katiba, katika Ibara ya 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 29 cha Sheria ya 2013 kinataka malipo mengine yoyote katika shule ya umma yaidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mtoto asizuiwe kuhudhuria kwa kushindwa kuyalipa, na risiti rasmi itolewe. Je, ni nani atakayemkumbusha mwalimu mkuu maneno hayo wakati msichana wa Hulugho au Takaba anaporudishwa nyumbani? Ni mjumbe wa bodi aliyeisoma sheria, ambaye kiti chake hakukipewa na mwalimu huyo.

Kuhusu walimu, jeraha bado bichi. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe. Baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji, na shule zikabaki na madarasa yaliyojaa watoto na ubao usio na mwandishi. Hatumlaumu mwalimu aliyeokoa maisha yake. Lakini pengo lile lilizibwa na nani? Mara nyingi na vijana waliomaliza kidato cha nne, walioajiriwa na bodi kwa malipo madogo yanayotoka mifukoni mwa wazazi. Bodi zikiwa na watu wa kusikiliza tu, pengo huzoeleka, likawa desturi. Bodi zikiwa na watu wa kusema, idadi ya walimu waliopungua huandikwa muhula baada ya muhula, hupelekwa kaunti, hupelekwa kwa Tume, na hakuna ofisa atakayeweza kusema kwamba hakuambiwa.

Sasa tuwataje wanaosimama mlangoni, bila kumtaja mtu kwa jina, kwa sababu ugonjwa huu si wa mtu mmoja. Wako wakuu wa shule wanaopenda bodi isiyouliza. Wako wanasiasa wanaoiona bodi kama ngazi ya zabuni: ya kuni, ya maji, ya nyama, ya ujenzi wa bweni. Wako machifu ambao bado wanadhani mkutano wa wazazi ni baraza lao. Hawa wote hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba uchaguzi ufanyike kwa kuinua mikono mbele ya macho yao. Wakenya tulio na umri wa kukumbuka tunalijua jambo hilo kwa jina lake. Mwaka 1988 liliitwa mlolongo. Aliyepanga foleni nyuma ya picha ya mgombea alihesabiwa na aliyemwogopa, na mara nyingi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. KANU yenyewe iliuacha utaratibu huo mwishoni mwa mwaka 1990. Kilichoifedhehesha nchi nzima hakiwezi kuwa halali chini ya mti wa shule.

Kuna pia suala la koo, na hili tunaligusa kwa adabu. Wazee wetu hugawana viti ili kuepusha ugomvi, na sisi hatuwabezi. Tunajua jinsi damu ilivyomwagika Mandera na Wajir katika miaka ya 2012 hadi 2014, na tunajua kwamba maafikiano ya wazee, kama Azimio la Modogashe la mwaka 2001, yameokoa maisha. Penye wazee hapaharibiki neno. Lakini kiti cha bodi ya shule hakifanani na kisima wala malisho. Kisima kikigawanywa kwa zamu, kila ukoo hunywa. Bodi ikigawanywa kwa ukoo, mjumbe huwajibika kwa wazee waliomtuma, na mtoto wa ukoo mdogo, au mtoto wa mgeni aliyehamia mjini, hana wa kumsemea. Zaidi ya hayo, mjumbe aliyetumwa na ukoo akiiba, ukoo humfunika. Aliyechaguliwa na wazazi akiiba, wazazi humwondoa. Tunawaomba wazee wafanye jambo moja tu: wawahimize watu wao kugombea kwa wingi, kisha wawaachie wazazi sanduku.

Wala tusiwasahau akina mama. Katiba, katika Ibara ya 27, imeweka kanuni kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa au kuteuliwa. Mbali na Katiba, tunayo historia yetu wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya tisini, Wajir ilipokuwa ikiungua kwa vita vya koo, waliouanza moto wa amani walikuwa wanawake wa soko, waliokubaliana kuuziana bila kuulizana ukoo. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee, na mwaka 1993 Azimio la Al Fatah likapatikana. Mmoja wao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi, alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Wanawake hao hawakungoja kuitwa na wazee. Je, mama aliyeweza kusimamisha vita anashindwaje kuuliza bei ya magunia ya mchele wa shule?

Tunazisikia sauti za waliokata tamaa. Wanasema kwamba bodi haina nguvu. Kwamba fedha za serikali huchelewa. Kwamba hata bodi ikiwa ya malaika haiwezi kuleta mvua. Ni kweli. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo na kuzihamisha familia, na hakuna bodi ingeuzuia. Ni kweli pia kwamba unyonge wetu una mizizi mirefu: Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi nzuri yenye mvua na barabara, na sisi hatukuwa na hata kimoja. Lakini tangu mwaka 2010 Katiba imeanzisha Mfuko wa Usawazishaji, na tangu mwaka 2013 sheria imeanzisha Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wafugaji wa Kuhamahama. Milango hiyo hufunguliwa kwa maombi yaliyoandikwa, yenye hesabu na saini. Nani atayaandika kutoka Balambala, Banissa au Tarbaj? Shule yenye bodi bubu haiombi, na isiyoomba hukumbukwa mwisho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo tunadai mambo matano, na tunawataka wasomaji wetu wayadai pamoja nasi katika kila shule.

Kwanza, tangazo la mkutano wa uchaguzi litolewe mapema, kwa Kisomali na Kiswahili, msikitini, sokoni na kwenye redio, na lisiwekwe siku ya mnada wa mifugo.

Pili, kura iwe ya siri. Sanduku la mbao na vipande vya karatasi havimfilisi mtu. Asiyejua kusoma apewe alama au rangi, na asaidiwe na mtu amtakaye yeye.

Tatu, kura zihesabiwe pale pale, hadharani, na matokeo yaandikwe na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi kabla ya watu kutawanyika.

Nne, kabla ya kura, bodi inayoondoka isome hesabu zake. Wakikataa, mzazi yeyote aombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21.

Tano, mzazi mfugaji aliye mbali asihesabiwe hayupo kwa hila. Mkutano upangwe wakati ambapo watu wamerudi karibu na maji, na shule itunze daftari la wazazi ili asije mtu baki akapiga kura ya mwenyewe.

Neno letu la mwisho ni kwa wewe, ndugu unayefikiria kugombea. Usingoje kuombwa. Isome sheria, hasa vifungu vya 55 hadi 62. Ukishindwa na Kiingereza chake, mwombe kijana wa chuo akusomee. Zunguka bulla kwa bulla, useme utafanya nini, na useme pia usichoweza kufanya. Usinunue kura kwa miraa, sukari wala pesa za simu, maana aliyenunua atataka kurudisha gharama zake, na shule haina kitu cha kuuza ila chakula cha watoto. Ukishinda, dai kuona vitabu vya hesabu katika kikao cha kwanza. Ukishindwa kwa haki, mpe mkono aliyekushinda, kisha uhudhurie kila mkutano wa wazazi ukiwa macho. Ukishindwa kwa hila, andika kila ulichokiona, tarehe na saa, na utafute wakili au shirika la haki kabla kumbukumbu haijapoa.

Kwa karibu miaka ishirini na minane chini ya hali ya hatari, eneo hili lilitawaliwa na watu wasiochaguliwa na yeyote miongoni mwetu. Tulivumilia kwa sababu hatukuwa na njia. Leo njia ipo, imeandikwa, na inaanzia katika shule iliyo karibu na nyumba yako. Tangazo la mkutano litakapobandikwa, nenda na jina lako mkononi, au nenda ukamchague aliyekwenda na lake.